Skripti imefanya kazi, maandishi hayaonekani: print inapopotelea ndani ya programu kubwa

Nilipigiwa simu saa mbili usiku na mtu anayepima ng'ombe mnadani. Ndani ya programu yangu ya mizani kuna sehemu ya mtumiaji kuandika skripti zake ndogo za Python, na skripti yake "haisemi kitu". Kwangu ilikuwa inasema. Kwake kimya: uzito unahesabiwa, risiti inatoka, lakini kila `print` aliyoiweka ili aone kinachoendelea imemezwa.

Tangu siku hiyo nimekutana na ndugu wengi wa tatizo hilo, na wote dalili zao zinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kutibu malaria wakati mgonjwa ana taifodi. Hapa nimeandika dalili kama zinavyolalamikiwa na chanzo nilichokikuta kila mara. Mfano mkuu ni Python iliyopachikwa ndani ya programu ya C++ yenye madirisha ya Qt, maktaba ya kutengeneza madirisha na vitufe. Lua, lugha nyingine ndogo ya skripti, nimeipa nafasi ndogo, haisumbui hivyo.

Kwanza jua yamekwama wapi

Ukiandika `print("uzito", 312)`, maandishi hayaendi kwenye skrini moja kwa moja. `print` huuliza kwanza: `sys.stdout` kwa sasa ni nani? Hicho ni kitu cha Python tu, na yeyote anaweza kukibadilisha. Kikiwa kile cha kawaida, kinageuza herufi kuwa baiti kwa usimbaji fulani, kinaziweka kwenye bafa (akiba ya muda kwenye kumbukumbu), na bafa ikijaa au ikisukumwa, baiti zinakabidhiwa kwa mfumo wa uendeshaji kupitia namba 1, mlango wa kutolea maandishi, ile wanayoiita fd 1. Upande wa pili wa namba hiyo kuna msomaji: terminali, faili, bomba (njia ya kupitishia data kwa msomaji mwingine), au hakuna mtu.

Kwa hiyo kuna vituo vinne, na maandishi yanaweza kukwama popote. Kabla sijagusa msimbo wowote huwa naendesha hii ndani ya programu yenyewe, si kwenye terminali:

```
import sys, os
with open("C:/Users/Public/uchunguzi.txt", "w", encoding="utf-8") as f:
    print(repr(sys.stdout), repr(sys.stderr), file=f)
    print(getattr(sys.stdout, "encoding", "hakuna"), file=f)
    try:
        os.write(1, b"moja kwa moja\n")
        print("fd 1 ipo", file=f)
    except OSError as e:
        print("fd 1 haipo:", e, file=f)
```

Andika njia kamili ya faili. Programu iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni inaweza kuwa imesimama kwenye folda usiyoitegemea, na utamaliza nusu saa ukitafuta matokeo ya uchunguzi badala ya kutafuta tatizo. Nimeshafanya hivyo.

Dalili: kwenye Linux yanaonekana, kwenye Windows kimya kabisa

Faili la uchunguzi la yule bwana wa mnadani lilisoma `None None`. Hapo hakuna fumbo tena. Programu ya madirisha kwenye Windows isiyounganishwa na konsoli haina pa kutolea maandishi, na Python ikikuta hivyo huweka `sys.stdout` na `sys.stderr`, ile ya maandishi ya makosa, kuwa `None`. Ndivyo inavyotokea hata kwa `pythonw.exe`.

Kinachofanya watu wachelewe kugundua ni kwamba `print` haigombi. Ikikuta `sys.stdout` ni `None` inarudi kimya kimya, kama mtu aliyebisha hodi nyumba tupu akaondoka. Lakini skripti ikiita `sys.stdout.write(...)` yenyewe, utapata `AttributeError: 'NoneType' object has no attribute 'write'`. Kwa hiyo ukiona skripti moja inapita salama na nyingine inaanguka kwenye kompyuta ile ile, usishangae. Moja inatumia `print`, nyingine inakwenda moja kwa moja.

Dawa ya muda ni kuifanya programu ifunguke na konsoli yake. Dawa yenyewe ni kumpa Python mdomo wako mwenyewe:

```
import io, sys

class Mdomo(io.TextIOBase):
    encoding = "utf-8"
    def __init__(self, peleka):
        self.peleka = peleka
        self.akiba = ""
    def writable(self):
        return True
    def write(self, s):
        self.akiba += s
        while "\n" in self.akiba:
            mstari, self.akiba = self.akiba.split("\n", 1)
            self.peleka(mstari)
        return len(s)
    def flush(self):
        if self.akiba:
            self.peleka(self.akiba)
            self.akiba = ""
```

`peleka` ni funksheni ya C++ uliyoitoa kwa Python kupitia moduli yako. Moduli hiyo isajili kwa `PyImport_AppendInittab` kabla ya `Py_Initialize`. Ukisajili baadaye umechelewa. Kisha weka `sys.stdout = Mdomo(...)`, na `sys.stderr` vilevile. Watu wengi husahau hiyo ya pili, nitairudia mwishoni.

Kurithi `io.TextIOBase` si mapambo. Nimeona klasi nyingi za mistari mitatu zenye `write` peke yake. Zinafanya kazi hadi siku mtu anapoandika `print(..., flush=True)`, au maktaba fulani inapouliza `isatty()`, ndipo skripti inaanguka kwa kosa lisilohusiana kabisa na alichokuwa anafanya mtumiaji.

Dalili: kila neno linakaa mstari wake, au kuna mistari mitupu katikati

Hii ni ya aliyeandika `write` inayopeleka kila kinachofika kama mstari mmoja. `print("uzito", 312)` haiiti `write` mara moja. Inaiita mara nne: neno la kwanza, nafasi, namba, kisha alama ya mstari mpya. Ndiyo sababu ya ile `akiba` hapo juu: kusanya hadi uone `\n`, ndipo upeleke.

Ukitazama `flush` yangu utaona nimekubali hasara moja. Mtu akichapisha nukta moja moja kuonyesha maendeleo, kwa `end=""` na `flush=True`, kila nukta itakuwa mstari wake. Ukitaka kuitibu, mpe `peleka` taarifa kama mstari umekamilika au la. Mimi sikujisumbua.

Mstari wa maendeleo unaojiandika upya, kama ule wa tqdm, hutumia `\r` kurudi mwanzo wa mstari. Terminali inaielewa, dirisha lako halielewi. Utapata ama msururu mrefu ama mamia ya mistari. Vivyo hivyo ukiona `[31m` imetapakaa kwenye maandishi, hizo ni rangi za terminali, zichuje.

Dalili: maandishi yanakuja yote kwa mkupuo mwishoni

Hapa programu kubwa imeunganisha fd 1 na bomba au faili, na skripti inafanya kazi kwa dakika tatu bila neno, kisha inamwaga kila kitu. Bafa hiyo. Ikitoa kwenye terminali, Python husukuma kila mstari unapokamilika. Ikitoa kwenye bomba au faili husubiri bafa ijae, na kwa matoleo mengi ni baiti 8192. Ni daladala ya Mbagala: haiondoki mpaka ijae, wewe una haraka au huna.

Ndani ya skripti, `flush=True` inatosha. Kwa skripti zote, weka `sys.stdout.reconfigure(line_buffering=True)` mwanzoni; ipo tangu Python 3.7. Upande wa C, ukianzisha kwa `PyConfig`, muundo wa usanidi wa Python ambao ulikuja na 3.8, weka `config.buffered_stdio = 0`.

Kuna mtego hapa ulionila siku nzima. Niliweka `PYTHONUNBUFFERED=1` kwenye mazingira, nikazima nikawasha, hakuna kilichobadilika. Programu ilikuwa imeanzishwa kwa `PyConfig_InitIsolatedConfig`, na usanidi huo wa kujitenga hausomi vigezo vya mazingira. Ungeweka hata mia moja.

Dalili: programu ikianguka, mistari ya mwisho haipo

Chanzo ni kile kile, ila kinauma zaidi, kwa kuwa mistari ya mwisho ndiyo unayoihitaji. Kilichokuwa kwenye bafa kinakufa na mchakato. `abort()` na `_exit()` hazisukumi bafa ya Python, na kuanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yako ndiyo kabisa.

Programu isiyoanguka nayo inaweza kupoteza, ikiwa unatoka bila kuita `Py_FinalizeEx`. Iite, halafu angalia inachorudisha: `-1` maana yake kuna kitu kilishindikana wakati wa kufunga, pamoja na kusukuma bafa. Na usidanganyike na mstari wa mwisho unaouona. Nimeshatafuta kosa baada ya mstari "nimefika hatua ya 4" kumbe skripti ilikuwa imefika hatua ya 9, hatua tano zimebaki kwenye bafa.

Dalili: mpangilio umevurugika, jibu linatangulia swali

C++ yako inaandika kwa `printf`, skripti inaandika kwa `print`, na kwenye faili maneno ya C yote yako chini au yote juu. Kila mmoja ana bafa yake. Zinakutana kwenye fd 1 tu, na anayejaza kwanza ndiye anayetoka kwanza. Ita `fflush(stdout)` kabla ya kumkabidhi Python usukani, na `sys.stdout.flush()` kabla hajaurudisha. Ukiweza, bora zaidi pande zote mbili zipite kwenye `peleka` moja.

Dalili: nimebadilisha sys.stdout lakini baadhi ya maandishi bado yanatoroka

Angalia nani anatoroka.

Yakiwa ya moduli ya `logging`, mshikizi wake (handler) alikamata `sys.stderr` ya wakati ule alipoundwa, naye hana habari kwamba umebadilisha. Weka mdomo wako kabla ya skripti yoyote kuita `logging.basicConfig`, au sivyo muunde upya.

Yakiwa ya maktaba iliyoandikwa kwa C, hayo hayapiti `sys.stdout` kamwe. Yanakwenda fd 1 moja kwa moja. `contextlib.redirect_stdout` haiyaoni, klasi yako haiyaoni. Maandishi ya programu ndogo zinazoanzishwa kwa `subprocess` ni hivyo hivyo, maana mtoto anarithi fd, harithi kitu cha Python. Kwa subprocess ni rahisi, omba matokeo kwa `capture_output=True` kisha uyachapishe. Kwa maktaba za C itabidi ushuke chini: tengeneza bomba, `os.dup2` upande wa kuandikia uwe fd 1, na usome upande wa pili.

Usome kwa uzi (thread) mwingine! Bomba la Linux kwa kawaida linabeba baiti 65536. Uzi ule ule ukiandika kwanza ndipo usome, siku maktaba itakapotoa zaidi ya hapo itasubiri mtu apunguze bomba, na mtu huyo ni yeye mwenyewe. Kwenye majaribio na data ndogo hutaiona hata siku moja. Itasubiri mteja.

Kwenye Windows kuna nyongeza: DLL mbili (faili za maktaba za Windows) zilizojengwa na maktaba tofauti za C zinaweza kuwa kila moja na jedwali lake la fd, na `dup2` ya mmoja isimguse mwingine.

Dalili: "ng'ombe" imegeuka kuwa "ngâ€™ombe"

Hii naipenda kwa sababu ni yetu kabisa. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida, kwa hiyo mtu anaweza kuandika programu nzima bila kugusana na matatizo ya usimbaji, hadi atakapofika kwenye ng'. Simu na vichakata maneno hupenda kugeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, herufi U+2019. Kwa UTF-8 hiyo ni baiti tatu, E2 80 99. Programu kubwa ikizisoma kama cp1252, usimbaji wa zamani wa Windows, kila baiti inakuwa herufi yake, na ng'ombe wa watu anaota â, alama ya yuro na alama ya biashara.

Kinyume chake pia kipo. Kwenye Windows, `sys.stdout` ikielekezwa kwenye bomba mara nyingi hutumia usimbaji wa mfumo, tuseme cp1252, ambamo alama hiyo iliyopinda ni baiti moja, 92. Programu yako ikitegemea UTF-8 itapata baiti isiyo na maana na kuweka ile almasi yenye alama ya kuuliza. Na mtu akitumia U+02BC, alama nyingine inayofanana nayo ambayo cp1252 haina kabisa, skripti inaanguka papo hapo: `UnicodeEncodeError: 'charmap' codec can't encode character '\u02bc'`. Alama tatu zinazofanana machoni, matokeo matatu tofauti.

Maliza ubishi kwa kukubaliana UTF-8 pande zote. Kwenye `PyConfig` kuna `stdio_encoding` na `stdio_errors`. Ya pili mimi huweka `backslashreplace`, kwa kuwa maandishi yenye sura mbaya ni nafuu kuliko skripti iliyosimama mnada ukiendelea.

Upande wa C++, ukigeuza maandishi ya Python, tumia `PyUnicode_AsUTF8AndSize` na uchukue urefu inaokupa. Usimtegemee `strlen`: maandishi yakiwa na baiti sifuri ndani yatakatika hapo. Na angalia kama imerudisha `NULL`. Jina la faili lenye baiti mbovu likichapishwa linaweza kushindwa kugeuzwa, na usipoangalia, safari hii ni programu yote inayoanguka.

Dalili: dirisha linaganda

Kuna kuganda kwa aina mbili, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Ya kwanza ni uzito tu. Skripti ina `print` ndani ya mzunguko wa mara laki moja, na wewe kila mstari unauongeza kwenye dirisha na kulichora upya. Usifanye hivyo. Mistari iingie kwenye foleni, na kipima saa, kila milisekunde 50 hivi, kichukue yote iliyopo na kuimwaga mara moja. Wekea dirisha kikomo pia. `QPlainTextEdit` ina `setMaximumBlockCount`, na hakuna binadamu anayesoma mistari zaidi ya elfu chache.

Ya pili ni mbaya, inaganda na haiganduki. Skripti iko kwenye uzi wake, dirisha kwenye uzi mkuu. `write` inaitwa uzi wa skripti ukiwa umeshika GIL, kufuli moja la Python linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati. `peleka` inatuma mstari kwa dirisha na kusubiri jibu, kwa `BlockingQueuedConnection` kwa mfano. Wakati huo huo uzi mkuu, kwa sababu yake yoyote, labda mtumiaji kabofya kitufe, unaomba GIL. Mmoja kashika kufuli anasubiri dirisha, dirisha linasubiri kufuli. Watakaa hapo hadi mtu auzime mchakato.

Dawa: `peleka` isisubiri mtu. Iweke mstari kwenye foleni irudi zake. Ikiwa lazima isubiri, iachie GIL kwanza kwa `Py_BEGIN_ALLOW_THREADS` na kuishika tena baadaye. Na kamwe usiguse kidirisha cha Qt kutoka uzi wa skripti moja kwa moja. Wakati mwingine itakubali, na huko kukubali ndiko kunakokupoteza.

Dalili: RecursionError mara tu mdomo mpya unapowekwa

Ndani ya `write` yako kuna `print`, au kuna `logging` inayorudi kwenye `sys.stderr` uliyoibadilisha. Mdomo unajiita wenyewe. Kwa uchunguzi ndani ya `write` tumia `sys.__stdout__`, ukikumbuka kwamba nayo inaweza kuwa `None`.

Lua, kwa ufupi

`print` ya Lua inaandika kwenye `stdout` ya C na, kuanzia 5.2, inasukuma bafa kila mwisho wa mstari, kwa hiyo shida za mkupuo ni chache. Kuielekeza kwako, badilisha `print` ya jumla kwa funksheni yako ya C, ndani yake tumia `luaL_tolstring` ili vitu vyenye `__tostring` vichapishwe ipasavyo. Mtego ni `io.write`: haipiti kwenye `print`, kwa hiyo nusu ya maandishi itaonekana na nusu itapotea. Ibadilishe nayo, pamoja na `io.stdout` ikiwa skripti zinaitumia.

Dalili: skripti inakufa bila kueleza, au programu nzima inajifunga

Programu nzima ikijifunga taratibu bila kosa, tafuta `sys.exit()` au `exit()` kwenye skripti. `PyRun_SimpleString` ikikuta `SystemExit` ambayo haijakamatwa haikurudishii `-1`; inafunga mchakato, na programu yako ikiwemo. Mtumiaji alitaka kusimamisha skripti yake tu, masikini. Tumia `PyRun_String`, kisha uangalie `PyErr_ExceptionMatches(PyExc_SystemExit)` kabla ya kuita `PyErr_Print`, kwani nayo hufunga vilevile.

Makosa mengine yote, `PyErr_Print` huyaandika kwenye `sys.stderr`. Ikiwa hiyo ni `None`, maelezo ya kosa yamekwenda na maji, umebaki na `-1` mkononi, na wengi hata hiyo hawaiangalii. Mimi sikuwa naiangalia. Nilipomuunganishia yule bwana `stderr` pamoja na `stdout`, mstari wa kwanza kutokea dirishani kwake haukuwa wa skripti yake. Ulikuwa `Traceback`, kutoka moduli yangu ya kutunza nakala za hesabu za siku, inayolalamikia folda ambayo haikuwahi kuwepo kwenye kompyuta ile. Aliniuliza hiyo ni nini. Nikamwambia asiizime kompyuta, nakuja.